Kuanzisha kundi la kusaidiana kwa wagonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda: tuanzie wapi?

MuuguziZamu

Habari zenu wakuu. Naomba mchango wa waliowahi kuendesha makundi ya wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu.

Kliniki yetu ya tumbo na ini, hapa Dar, ina wagonjwa kumi na kitu wa IBD (magonjwa ya muda mrefu ya kuvimba utumbo, yaani Crohn na kolaitisi ya vidonda) waliothibitishwa kwa kipimo cha kamera na nyama kupelekwa maabara. Wengi wana kolaitisi ya vidonda, wachache Crohn, na wawili kati yao wana mfuko wa kinyesi tumboni. Siku za kliniki wakikutana kwenye benchi mazungumzo hayaishi, na sasa wameomba wawe na kundi lao. Uongozi hauna shida, ila hauna bajeti.

Ninachotaka kujua:

1. Tuanze na WhatsApp au vikao vya ana kwa ana?
2. Nani aongoze: daktari, muuguzi au mgonjwa mwenyewe?
3. Tutazuiaje watu kupeana ushauri wa dawa kiholela?
4. Kuna waliopendekeza kila mwanachama atoe elfu tano kila mwezi tuwe na mfuko. Ni sawa?

Mwenye uzoefu anipe mambo ya vitendo. Nadharia za semina ninazo za kutosha.

---

Mwezeshaji_Moro

Mkuu, anza na kikao cha ana kwa ana. WhatsApp ije baadaye, tena kwa matangazo tu. Ukianza na WhatsApp, linki itasambaa na utajaza watu wenye bawasiri, mgoro, gesi na vidonda vya tumbo vya kawaida. Hao nao wanaumwa, lakini maswali yao ni mengine na majibu yao yatawapoteza wa kwako. Mtu wa kolaitisi akiambiwa "mimi nilipona kwa dawa za wiki mbili za bakteria wa tumbo" ataondoka akidhani daktari wake anamficha kitu.

Ukubwa mzuri ni watu 6 hadi 12. Wakipungua sita, wawili wakikosa kikao kinakuwa maongezi ya sebuleni. Wakizidi kumi na mbili, wakimya hawaongei kabisa. Dakika 90, mara moja kwa mwezi, siku ileile, mathalani Jumamosi ya pili. Muda uwe saa nne na nusu hadi saa sita. Usiweke saa mbili asubuhi kama semina: asubuhi ndipo utumbo unasumbua zaidi, na wengi huhitaji kwenda choo mara mbili tatu kabla ya kuthubutu kupanda daladala.

Ukumbi unauchagua kwa choo, mengine baadaye. Nenda ukakikague kwa macho yako. Kwa watu kumi na mbili unataka vyoo viwili vilivyo karibu, ila visipakane na ukuta wa chumba mnachokaa, maana sauti zikisikika mtu atajibana mpaka aumie. Visiwe vya kuomba ufunguo kwa mlinzi. Kimoja lazima kiwe cha kukaa. IBD mara nyingi huja na maumivu ya viungo, na aliyetoka kupasuliwa hawezi kuchuchumaa. Maji yatoke bombani, sio ndoo ya kuchotea nje. Kuwe na pipa lenye kifuniko, msumari wa kutundikia begi, na kistuli au kirafu ambapo mwenye mfuko ataweka vifaa vyake wakati anabadilisha. Hicho kistuli hakuna anayekikumbuka, na bila hicho mtu anabadilisha mfuko akiwa ameshika mkasi kwa meno.

Viti vipange nusu duara, mlango uwe nyuma ya wanachama na si nyuma ya msemaji, ili anayetoka asipite mbele ya wenzake. Kanuni ya kwanza kabisa: anayeinuka haulizwi, na anayezungumza hanyamazi kumsubiri.

Chakula usiandae. Maji ya kunywa yatosha. Mwenye Crohn ambaye utumbo umeziba kiasi hawezi mahindi ya kuchoma wala nyuzi za chungwa, mwingine anakula vyote na hapati shida, na robo tatu ya kikao itaishia kwenye "kumbe wewe hiki unakula?" Anayetaka chake aje nacho.

Mtiririko unaofanya kazi: dakika 10 za kanuni na utambulisho, 20 za mzunguko, kila mtu dakika moja na nusu tu, na anaruhusiwa kusema "napita", 40 za mada moja, 15 za maswali, 5 za kufunga. Mada iwe ndogo na ya kushikika. Badala ya "kuishi na IBD", chukua "safari ya basi kwenda Mwanza" na muichambue mpaka mwisho: kiti cha karibu na mlango, kuongea na kondakta kabla gari halijaondoka stendi, sio wakati umeshabanwa, chakula kidogo jioni ya kuamkia safari, begi dogo lenye nepi ya watu wazima, tishu za maji, mfuko mweusi, suruali ya akiba, pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), na barua ya daktari ya mistari mitatu ya kumwonyesha kondakta mkaidi. Hapo mtu anarudi nyumbani na kitu mkononi.

Waongozaji wawe wawili: mgonjwa ambaye ugonjwa wake umetulia kwa walau miezi sita, na muuguzi kama wewe. Mmoja anaongoza, mwingine anaangalia nyuso na kumfuata aliyetoka analia. Daktari mwalike mara moja moja kwa nusu saa, ajibu maswali, kisha aondoke. Akikaa muda wote kikao kinageuka kliniki isiyo na faili, na hakuna atakayekiri mbele yake kwamba ameacha dawa.

Usilipe nauli wala posho, hata mfadhili akijitokeza. Siku posho itakapokatika, viti vitabaki vitupu.

Na kuna kinachoua makundi haya polepole: waliopata nafuu hurudi kazini na kuacha kuja, wanabaki walio hoi. Mgeni aliyegunduliwa juzi anaingia, anasikiliza masimulizi ya upasuaji matatu mfululizo, harudi tena, na pengine anaamini ndiyo mwisho wake. Waombe waliotulia waje angalau vikao viwili kwa mwaka, na mgeni mpya asikae kikao chake cha kwanza bila mmoja wao kuwepo.

---

MfamasiaWaJioni

Naongezea namba 3. Kukataza mazungumzo ya dawa moja kwa moja hakuwezekani, watahamia inbox. Weka mpaka unaoeleweka: mtu anaruhusiwa kusema anatumia nini na kinamsumbua vipi, haruhusiwi kumwambia mwenzake aanze, aache, aongeze au apunguze. Na kupeana vidonge vilivyobaki ni marufuku kabisa, bila mjadala.

Waeleze sababu, maana kanuni isiyo na sababu haidumu. Yanayoharibika mara kwa mara ni haya:

Predinisoloni, ambayo ni steroidi. Mtu anaanzishiwa miligramu 40 kwa siku, kisha kwa kawaida daktari anapunguza miligramu 5 kila wiki. Akipata nafuu wiki ya pili, mwenzake anamwambia "achana nazo, zinavimbisha uso". Tezi zake za juu ya figo zimeshalala kwa sababu ya dawa; akikata ghafla anaishiwa nguvu, presha inashuka, anatapika, anaweza kufa. Upande wa pili yupo anayejinunulia tu kila tumbo likichafuka, mwaka mzima, mpaka mifupa inalika na sukari inapanda. Kuna jingine la huku kwetu: minyoo ya strongiloidi. Aliyenayo bila kujua akipewa steroidi, minyoo inaweza kuzaana na kusambaa mwilini mzima. Kwa hiyo mgonjwa akiuliza kliniki kama amepimwa au ametibiwa minyoo hiyo, hajafanya utovu wa nidhamu.

Azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Inashusha chembe nyeupe za damu. Damu hupimwa kila wiki mwanzoni, kisha kila miezi mitatu. Anayechukua vidonge vya mwenzake hana ratiba hiyo. Ikichanganywa na alopurinoli ya gauti, sumu yake inapanda sana, na wazee wa gauti tunao wengi. Mwenye homa akiwa kwenye azathioprini anakwenda kupima damu siku hiyohiyo. Asianze na dawa ya malaria ya kubahatisha.

Salfasalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa si damu. Dawa hii hupunguza mbegu za kiume, na zinarudi baada ya kuacha dawa kwa miezi kadhaa. Wanaume wengi wanaiacha kimya kimya kwa sababu hiyo na hawasemi kliniki. Kwenye kundi watasema. Kazi ya mwezeshaji hapo ni kumpeleka kwa daktari abadilishiwe, sio kumwonea huruma tu.

Diklofenaki na ibuprofeni. Zote zinauzwa kama karanga dukani na zote zinaweza kuuamsha ugonjwa. Kwa maumivu ya kawaida, paracetamoli.

Loperamidi. Inafunga kuharisha, ndiyo, lakini mwenye kolaitisi iliyowaka akiimeza, utumbo mpana unaweza kutanuka na kupasuka.

Shubiri, na chai za "kusafisha tumbo". Utomvu wa shubiri unaharisha. Muuzaji wa virutubisho atakuja kundini, usitie shaka. Mara nyingi huwa ndugu wa mwanachama. Andika kwenye kanuni kwamba hakuna kuuza chochote, hata sabuni, na anayekiuka anatolewa siku hiyohiyo. Ukiruhusu sabuni leo, kesho utaruhusu unga wa miujiza.

Halafu chapisha kikadi cha dalili za hatari, kila mtu awe nacho kwenye pochi. Mwenye kolaitisi anakwenda hospitali siku hiyohiyo akipata choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na lolote kati ya haya: mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, joto zaidi ya nyuzi 37.8, au hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya 10.5. Kwa yeyote: tumbo kujaa na kuwa gumu, kutapika bila kupata choo wala gesi, maumivu yasiyompa nafasi ya kulala. Kundini hayo hayajadiliwi. Jibu ni moja, "nenda sasa hivi, nani yuko karibu amsindikize?"

---

kibaraza_cha_data

WhatsApp, basi, kwa kuwa mtaifungua tu.

Wanachama wote wanaona namba za wenzao, na hilo waambiwe kabla ya kuingizwa. Asiyetaka apigiwe simu na muuguzi kukumbushwa kikao, inatosha. Washa idhini ya admini kwa kila anayeingia, na linki isisambazwe. Admini wawe wawili au watatu. Ujumbe uwekewe muda wa kujifuta, siku 7 au 90, ingawa haumzuii mtu kupiga picha ya skrini. Waambie wazime picha kujihifadhi zenyewe kwenye simu, la sivyo picha ya kidonda cha mtu itaonekana na mtoto anayetafuta katuni.

Jina la kundi lisiwe "Wagonjwa wa Utumbo Dar". Jina hutokea juu ya skrini wakati mtu amekaa ofisini au kwenye mwendokasi. Weka jina la kawaida kama "Jumamosi ya Pili" na picha ya mti.

Kabla ya kumwingiza mtu mpya mpigie na umuulize matatu tu: umepimwa kwa kamera? Uliambiwa ni Crohn au kolaitisi? Unatibiwa kliniki gani? Vyeti usidai na nakala za majibu usikusanye. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na wewe kama mtumishi wa kliniki usichukue namba kwenye mafaili ukawaunganisha watu bila idhini yao. Mpe mgonjwa karatasi ya kundi, yeye ndiye akupigie. Orodha yako iwe na jina moja, namba ya simu na mtu wa kuitwa wakati wa dharura. Zaidi ya hapo ni mzigo.

Ratiba ya kuandika nayo inasaidia: kundi lifungwe saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi. Mwenye maumivu saa nane za usiku anaandika kundini badala ya kwenda hospitali, anasubiri ajibiwe, na hakuna aliye macho.

---

Mdau_Nyali

Wadau, niingie kwa swali la pesa kutoka upande huu wa Kenya. Msichanganye kundi la wagonjwa na chama, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana pesa. Mambo huanza na mia mbili za chai, mwaka haujaisha kuna mkopo ambao haujarudishwa, na aliyekopa ndiye anayeumwa zaidi. Anaona haya kuja kikaoni, na kikao ndicho alichokihitaji. Wanaotaka kuweka akiba wafungue chama chao kando, chenye jina lingine, siku nyingine na mweka hazina mwingine.

Gharama halisi za kundi ni ndogo: maji, tishu, kuchapisha karatasi. Mtu akilazwa na mnataka kumchangia, fanyeni mchango wa mara moja, pesa ziende moja kwa moja kwenye simu yake au ya jamaa aliyemtaja yeye mwenyewe, sio kwa admini.

Jambo lingine ambalo watu hulisahau ni msiba. Mwanachama akifariki, msitume shada lenye jina la kundi wala rambirambi inayosomwa hadharani "kutoka kwa wenzake wa kolaitisi". Pengine hata wakwe hawakujua. Mwulizeni kila mwanachama mapema, akiwa mzima, nani nyumbani anajua na nani hajui. Na kundini tangazo litolewe na mwezeshaji kwa maneno machache, kisha kikao kinachofuata kiache mada na kizungumzie hilo, kwa sababu kila mmoja atakuwa anajiuliza kama zamu yake inafuata. Muuguzi awepo siku hiyo.

Wale wawili wenye mifuko wapewe muda wao, hata robo saa baada ya kikao. Maswali yao ni ya mkono: tundu la bamba (kipande kinachobandikwa kwenye ngozi kushika mfuko) linakatwa milimita 2 hadi 3 zaidi ya stoma (mdomo wa utumbo uliotolewa nje ya tumbo), likiwa pana, kinyesi kinagusa ngozi na kuichoma, likibana, stoma inaumia. Ngozi ikauke kabisa kabla ya kubandika, na kwa joto la Mombasa au Dar bamba linashikwa kwa kiganja dakika moja hivi lipate kunata. Stoma hubadilika ukubwa wiki za kwanza, kwa hiyo kipimo cha hospitalini kisitumike mwaka mzima. Mfuko unamwagwa ukifika theluthi, usisubiri ujae, uzito unaubandua. Mwenye stoma ya utumbo mwembamba akitoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, kunywa maji matupu mengi kunamwongezea kupoteza chumvi. Anahitaji ORS na daktari.

---

MuuguziZamu

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mawili yamebaki. Kuna mama anataka kumleta binti yake wa miaka 15, na kuna waume na wake wanaotaka kukaa ndani ya kikao. Pia nimeona vijitabu vya vyama vya nje, Crohn's & Colitis UK na wale wa Marekani. Tuvitafsiri tu?

---

Mwezeshaji_Moro

Binti wa miaka 15 asikae na watu wazima. Mazungumzo ya ndoa, mimba na upasuaji yatamzidi, na watu wazima nao wataficha maneno kwa sababu yake. Mama aje peke yake, binti umtafutie kijana mmoja wa miaka ishirini na kidogo ambaye ugonjwa umetulia, waongee mbele yako.

Wenza na ndugu wape kikao chao, mara moja kila miezi mitatu, wagonjwa wasiwepo. Mke akiwa ndani, mume hasemi kwamba anaogopa tendo la ndoa, na mke hasemi kwamba amechoka kufua mashuka. Wanawake pia watakuomba kikao cha peke yao. Wakubalie, hasa mkifika kwenye mada ya mimba, maana wengi wameshaambiwa na mashangazi waache dawa zote wakipata mimba, wakati ugonjwa ulioamka ndio unaoihatarisha zaidi.

---

MfamasiaWaJioni

Vijitabu: hao wa Uingereza wapo tangu 1979, wa Marekani tangu 1967, na maandishi yao ni mazuri. Soma masharti yao kwanza, na ukitaka kuchapisha tafsiri waombe ruhusa. Ila vimeandikwa kwa msomaji mwenye muuguzi wa IBD wa kumpigia simu, mesalazini (dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo) ya uhakika na sindano za kibayolojia (za kutuliza kinga ya mwili) zinazopatikana. Ukitafsiri kama vilivyo, mgonjwa wa Temeke atasoma kurasa nne za dawa asizoweza kununua.

Ongeza yasiyokuwemo au yaliyogusiwa tu. TB ya utumbo hufanana sana na Crohn, hata kwenye kamera, na ndiyo sababu daktari anaweza kuanza kutibu TB au kurudia vipimo. Mgonjwa asidhani anachezewa. Kuhara damu kwa aliyekuwa ametulia kunaweza kuwa amiba, kwa hiyo choo kipimwe kabla ya kulaumu ugonjwa. Chanjo ya homa ya manjano ni hai, yaani ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na anayetumia azathioprini, sindano za kibayolojia au steroidi za dozi kubwa asichomwe bila daktari wake kujua, hata kama safari ni kesho. Ramadhani: anayeharisha mara nyingi au aliye kwenye steroidi aongee na daktari mwezi mmoja kabla, dawa zipangwe upya kwa futari na daku au aambiwe wazi asifunge.

Sindano zinazotunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, nazo zinahitaji ukurasa wa kwetu: umeme ukikatika usifungue friji ovyo, na safarini barafu isigusane na sindano, iviringishe kwa taulo, kwa sababu ikiganda imeharibika hata kama inaonekana safi.

Ukianza sasa, kikao cha kufungulia kiweke karibu na 19 Mei. Ni Siku ya IBD Duniani, na hospitali nyingi hukubali kutoa ukumbi bure ukitaja siku ya kimataifa kwenye barua ya maombi.